Jiwe la Kusagia

Mjomba alinipigia simu usiku, na kwetu simu ya usiku huwa ni msiba. "Mwalimu," akaanza, maana tangu niliposhika chaki mwaka 1980 hajaniita tena kwa jina langu. "Kesho wanakuja watu wa kuthamini. Njoo uniazime macho." Yeye ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Alfajiri nikapanda bodaboda pale Bunda mjini, tukashuka kuelekea ziwani hadi Nyatwali, mahali alipozaliwa mama yangu.

Asiyeijua Nyatwali aelewe hivi: ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Bunda iliyobanwa kati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Ghuba ya Speke. Upande huu tembo, upande ule samaki. Serikali iliamua wakazi wahame, walipwe fidia, ili wanyama wapate njia ya kufika kwenye maji ya Ziwa Victoria. Jambo hilo limesemwa kwenye mikutano miaka mingi na watu wenye sauti kubwa kuliko yangu. Mimi nitasimulia asubuhi moja na jiwe moja, pamoja na swali lililonikwama kooni tangu siku ile.

Mthamini alikuwa kijana mpole mwenye kizibao cha rangi ya machungwa. Alimwamkia Mjomba shikamoo kwa kuinama, akaketi alipoonyeshwa, akanywa uji aliopewa. Kisha kazi ikaanza. Nyumba mbili za tofali za kuchoma. Jiko, choo, zizi. Miembe minne, mipapai, michungwa, shamba la muhogo. Makaburi saba, na hata makaburi yana sheria yake ya kuhamishwa, ya mwaka 1969. Mimi nilikuwa nikimsomea Mjomba kila kinachoandikwa, naye anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, huo mwembe aliupanda marehemu kaka.

Nyuma ya jiko kuna mwamba bapa uliotokeza ardhini kama mgongo wa kiboko. Juu yake kuna kishimo kirefu, laini kama ndani ya bakuli. Bibi yangu alisagia hapo uwele na mtama, na kabla yake mama mkwe wake, na kabla ya huyo mwanamke mwingine ambaye mimi namjua kwa jina tu. Mwamba haukuumbwa na kishimo. Magoti, mikono na jiwe dogo la kusagia ndivyo vilivyokichimba, punje kwa punje, zamani kabla mashine ya kusaga haijafika huku.

"Mama, na hili nalo ni lenu?" kijana akaniuliza.

Sikupata jibu. Mjomba ndiye aliyejibu kutoka kwenye kigoda chake. "Jiwe ni la Mungu. Kishimo ni cha mama yangu."

Kijana akaitazama fomu yake. Ilikuwa na sehemu ya majengo, sehemu ya mazao, sehemu ya makaburi. Akanitazama mimi, kisha akafunika kalamu.

Mjomba aliishia darasa la pili, na sidhani kama amewahi kushika maandishi ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1958 yaitwayo Mali ya Taifa. Lakini alichosema kwa maneno tisa ndicho mtoto yule wa Butiama alichokiandika kwa kurasa kadhaa. Mwaka ule serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kutaka Waafrika nao waweze kumiliki ardhi moja kwa moja, kuinunua na kuiuza kama mali nyingine yoyote. Kwa nje ilionekana neema. Nani asiyetaka hati kama ya Mzungu? Nyerere akaona shimo mbele. Akasema ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, hakuna binadamu aliyeitengeneza, kwa hiyo hakuna anayeweza kuiita yake. Kilicho chako ni jasho ulilolitia: kufyeka, kulima, kuchimba kisima. Anayetaka kuichukua sehemu uliyoifyeka akulipe thamani uliyoiongeza. Na ardhi ikishageuzwa bidhaa katika nchi ya maskini, watakaoinunua watakuwa wachache wenye fedha, na wengine wote watabaki wapangaji.

Wazee wa Butiama husimulia kwamba aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, na shahada yake, alikanyaga udongo na kufyatua tofali mwenyewe ili ajenge nyumba ya kumwoa Mama Maria. Nami nadhani aliyewahi kuukanyaga udongo mpaka ukalainika anaelewa bila mwalimu tofauti ya udongo na tofali.

Dini zetu ziko upande wa Mjomba. Katika kitabu cha Walawi Mungu anawakataza Waisraeli kuuza ardhi moja kwa moja, kwa kuwa ni yake, na wao ni wageni tu waliokaribishwa kwake. Nilipomsimulia habari ya jiwe rafiki yangu wa miaka mingi pale Musoma, sheikh aliyekuwa akifundisha madrasa jirani na shule yangu, alitabasamu. "Dada Mwalimu, kwetu hiyo inaitwa kuihuisha ardhi iliyokufa. Ardhi ni ya Mwenyezi Mungu, lakini anayeifufua kwa kazi ana haki nayo. Ila ukiizungushia mawe tu, ukaiacha miaka mitatu bila kuifanyia kitu, haki imekutoka." Tukafurahi pamoja. Walawi, hadithi za Mtume, Mwalimu, na mzee mmoja wa Nyatwali mwenye mtoto wa jicho, wote kitu kimoja.

Nilipokuwa narudi Bunda ndani ya basi, furaha ile ikaanza kunitoka. Kama ardhi ni ya Mungu, huku chini nani anaishika kwa niaba yake? Nikakumbuka nyumbani kwa baba.

Baba yangu alikuwa Mzanaki wa upande wa Butiama. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, nilikuwa darasa la sita. Tulipewa siku chache za kuhama. Paa likaezuliwa ili mtu asishawishike kurudi, vyungu vikapakiwa kwenye lori juu ya magunia, na bibi mzaa baba akakaa katikati ya vyungu akiwa amejifunika kanga usoni. Kule tulikopelekwa tulikatiwa kipande katika shamba la watu wengine, ambao nao hawakuulizwa. Hilo ndilo lililomuumiza baba kuliko paa. Kwa miaka yote aliyobaki hai alimwamkia mwenye shamba lile wa zamani kwa sauti ya mtu aliyekopa. Mara moja moja alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwetu kwa zamani, akarudi na ukwaju mfukoni. Alipaita itongo langu. Kwa lugha za kwetu itongo ni mahame, mahali palipokuwa na boma likaachwa. Hapo Butiama alipozikwa Mwalimu panaitwa Mwitongo, na kila mwaka, Oktoba 14 inapofika na watu wanapanda kilima kwenda kuomba kaburini, mimi hulisikia neno lile kwa sauti ya baba.

Nampenda Mwalimu. Jimbo letu la Musoma ndilo lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na sala ile nimeisali mara nyingi kwa moyo wote. Lakini kumwombea hakunifungi mdomo. Aliyeandika mwaka 1958 kwamba jasho lina mwenyewe, ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi siku lori lile lilipokuja. Baba hakulipwa hata kisima alichokichimba.

Miaka ya themanini watu wa mikoa mbalimbali wakaanza kwenda mahakamani kudai mashamba yao ya asili, na wengine wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likapitisha Sheria Namba 22, iliyofuta haki za kimila katika maeneo yaliyoguswa na Operesheni, ikazuia fidia, ikazima kesi zilizokuwa mahakamani na hata hukumu zilizokwisha kutolewa. Fikiria uzito wake. Mtu alikwisha kuonewa kwa amri ya utawala, akasimama mbele ya hakimu na kushinda, kisha karatasi ikaja kutoka mbali kusema haki aliyoishinda haipo.

Waliokataa walikuwa baba na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, wa kijiji cha Kambi ya Simba katika wilaya ya Mbulu ya wakati ule. Walikuwa na shamba la mila, walikuwa wamefungua kesi Arusha mwaka 1987 na kushinda, wakarudishwa shambani. Sheria mpya ilipotaka kuwatoa, wakaenda Mahakama Kuu kuishtaki sheria yenyewe. Serikali ikajibu kwamba mwenye ardhi ya kimila hana mali ya kulindwa na Katiba, kwa sababu ardhi ni ya umma. Waone hapo walivyolichukua fundisho la Mwalimu na kuligeuza makali. Ardhi ni ya Mungu, ni ya wote, kwa hiyo wewe huna kitu.

Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakatoa hukumu ambayo ningependa isomwe makanisani na misikitini. Walisema hoja ya serikali ingekuwa kweli, basi wakazi walio wengi wa Tanzania Bara wangekuwa wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Walisema haki ya kimila ni mali, inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Na ili kueleza kwa nini ni mali hata kama udongo si wako, wakayafungua maandishi yale ya 1958 ya Mwalimu, wakayaweka ndani ya hukumu. Vifungu vilivyonyima fidia na kufunga milango ya mahakama vikafutwa.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la saba. Niliweka kalamu chini nikalia. Mwalimu aliyeandika alikuwa amesimama mahakamani kumtetea mkulima dhidi ya kilichotendeka wakati wa Mwalimu aliyetawala, na Mwalimu aliyeandika ndiye aliyeshinda. Yeye mwenyewe alikuwa bado hai, hapo hapo Butiama, akilima mahindi yake.

Mwaka ule ule wa 1992 Bunge letu lilipopitisha sheria ile, Juni 3, Mahakama Kuu ya Australia ilikuwa imetoa uamuzi wa kesi ya Eddie Mabo, mtu wa kisiwa cha Mer huko kwenye mlangobahari wa Torres. Kwa zaidi ya miaka mia mbili Waingereza walihesabu nchi ile kuwa haikuwa na mwenyewe walipotia nanga, ingawa Waaborijini walikuwepo tangu maelfu na maelfu ya miaka. Mabo alikuwa amebishana na uongo huo mahakamani kwa miaka kumi. Alifariki Januari, hakuusikia uamuzi. Huko nako, haki ilipopatikana tu, kazi ya kuipunguza ikaanza: mwaka 1998 Bunge lao lilibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji kwa namna iliyowapa wafugaji wakubwa na wachimbaji madini nafasi zaidi, huku wazee wa Kiaborijini wakisafiri hadi mji mkuu kupinga. Nawaza juu ya Mabo na Akonaay, ambao hawakuwahi kuonana. Mmoja aliambiwa ardhi haikuwa ya mtu. Mwingine aliambiwa ni ya watu wote. Hesabu ya mwisho ikawa ile ile.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Hukumu ya Nyalali naiheshimu, lakini ukiisikiliza vizuri inasema: mlipeni. Haisemi: mwombeni.

Sheria zetu mbili za mwaka 1999, ya Ardhi Namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zinasema ardhi yote ni ya umma na iko mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Mzizi wake ni sheria ya Waingereza ya 1923 iliyoiweka chini ya Gavana. Gavana akaondoka, kiti kikabaki. Tume ya Profesa Issa Shivji, iliyozunguka nchi mwaka 1991 na 1992 kusikiliza wananchi, ilipendekeza dhamana hiyo itolewe serikalini. Ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji wenyewe. Haikukubaliwa. Wanaharakati wakaendelea kupigana, wakatoa Azimio la Uhai mwaka 1997, na nakala yake ilinifikia parokiani ikiwa imedurufiwa mpaka herufi zimefifia. Nikaisoma kwa jumuiya yetu chini ya mwembe. Miswada ilipita Februari 1999, na kiti hakikuguswa.

Mdhamini, basi. Tulitazame neno lenyewe kwa namna tunavyolitumia sisi. Nikisafiri nikamwachia jirani mbuzi wangu, yule mbuzi ni amana. Nikirudi nikakuta amemchinja kwa ajili ya wageni muhimu, na akanilipa bei nzuri, hata kuzidi ya mnadani, amenilipa. Simdai shilingi. Lakini hakuna mzee wa kijiji chetu atakayesema amana imetunzwa. Bei imenirudishia mbuzi, haikurudisha jirani. Kilichomfanya awe mdhamini ni kwamba asingeweza kumgusa mbuzi bila kuniuliza. Aliyeweza kuamua peke yake alikuwa mwenye mbuzi tangu mwanzo, na neno amana lilikuwa la kunituliza tu.

Ndiyo maana nasema swali hili ni la dini kabla halijawa la sheria. Mwenye kushika cha Mungu kwa niaba ya watu ana mabwana wawili wa kuwajibika kwao, mmoja juu na mmoja chini, na hawezi kumtumia mmoja kumkwepa mwenzake. Asimwambie Mungu kwamba watu wamelipwa. Asiwaambie watu kwamba ardhi ni ya Mungu.

Tangu asubuhi ile Nyatwali nimekuwa nikisoma upya habari ya shamba la mizabibu la Nabothi, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Zamani niliwafundisha watoto kwamba mfalme Ahabu alikuwa mwizi. Sikuwa nimesoma kwa makini. Ahabu alianza vizuri: alimpa Nabothi uchaguzi wa shamba bora zaidi mahali pengine au fedha taslimu. Fidia kamili na ya haki, kama tunavyosema siku hizi. Nabothi hakubishania bei. Alikataa kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Na Yezebeli mkewe naye hakutuma jeshi. Aliandika barua, akazipiga mhuri wa mfalme, akaagiza mfungo utangazwe, mkutano uitwe, na mashahidi wawe wawili kama torati ilivyotaka. Kila hatua ilifuata utaratibu. Mtu akafa kwa utaratibu, na shamba likachukuliwa kwa utaratibu. Nabii Eliya alipokuja hakuuliza kama mihuri ilikuwa sahihi.

Simwiti kiongozi wetu yeyote Ahabu; hilo lingekuwa uongo, na tena dhambi. Nasema tu kwamba sheria inaweza kuwa safi kwenye karatasi na bado ikakosa kitu ambacho Nabothi alikuwa nacho, yaani uwezo wa kusema hapana na ikawa hapana. Sheria yetu ya vijiji yenyewe inakiri jambo hili nusu. Ardhi ya kijiji inayotakiwa kuhamishwa ikiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, wenye kijiji wanatoa maoni, na uamuzi unakuwa wa waziri. Kwa hiyo kadiri unavyopoteza zaidi ndivyo neno lako linavyopungua uzito. Juni 2022 vigingi vilipokuwa vikisimikwa Loliondo kutenga kilometa za mraba 1,500, niliwaona kwenye simu ya mjukuu wangu wazee wa Kimasai wamesimama mbele ya askari, nikajiuliza neno lao lilipimwa kwa mizani ipi.

Sasa nijibu upande wa pili, maana upo na una haki. Mungu hakuagana na watu peke yao. Baada ya gharika alifanya agano na Nuhu na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Tembo naye ana madai. Mto Mara ndio pekee wa kutegemewa Serengeti ukame unapouma, na kila anayeishi mkoani kwetu anajua ulivyo siku hizi. Mnyama anayekufa kwa kiu huku anasikia harufu ya ziwa ni aibu kwetu sote. Mjomba mwenyewe hawachukii tembo. Nimewahi kumsikia akisema, baada ya usiku wa kupiga madebe, "Nao wanatafuta watoto wao wale nini?" Tembo walimaliza muhogo wake zaidi ya mara moja, na mara moja alipokea kifuta jasho.

Maneno haya mawili nayatafakari sana: kifuta jasho, ukiliwa mazao, kifuta machozi, ukiuawa ndugu. Kanuni zinasema wazi kwamba hayo si fidia, ni pole. Na Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, wako mikononi mwa Rais kama mdhamini. Tazama basi. Ardhi ina mdhamini, na tembo ana mdhamini, na ni mmoja. Tembo wa amana anapokula muhogo uliolimwa kwenye ardhi ya amana, mwenye jasho anafutwa jasho. Linafutwa, na Mwalimu aliandika kwamba linalipwa. Mimi sitaki tembo afukuzwe ziwani. Nataka anayesema kwa niaba ya tembo na anayesema kwa niaba ya Mjomba wasiwe mdomo mmoja.

Kuna jambo jingine, na nisipolisema nitakuwa nimedanganya. Naitetea haki ya kimila, lakini mila yenyewe haikunitetea mimi. Baba alipofariki, kile kipande cha kuazima kiligawanywa kwa kaka zangu watatu. Mimi nilikuwa binti. Nilipewa kanga na chungu cha mama. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory wa Kagera, alisema mwanamke ana haki ya kuuza shamba alilorithi kama mwanamume, na sheria ya 1999 ikatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Ndiyo maana nilipostaafu nilikubali kuwa mjumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, huko kwa mume wangu wilayani Butiama. Baraza lina watu saba, na watatu lazima wawe wanawake. Nimekaa kwenye benchi lile miaka saba. Nimeona wajane wakiondolewa na mashemeji kwa maneno laini kuliko ya mthamini yeyote: ardhi ni ya ukoo, shemeji, wewe ni mgeni tu.

Ardhi ni ya ukoo. Ardhi ni ya umma. Ardhi ni ya Mungu. Kila neno hapo ni la kweli, na nimeliona kila moja likitumika kumtoa mtu shambani.

Hapo ndipo jibu la Mjomba lilipokuja kunishtua kwa mara ya pili, siku nyingi baadaye, nikiwa naosha vyombo. Kishimo ni cha mama yangu. Katika maisha yake yote Mjomba hakuwahi kusema kwamba shamba ni la mama yake. Shamba lilikuwa la babu, kisha lake na kaka zake. Bibi alilipalilia miaka hamsini na hakuna aliyemtaja. Lakini juu ya jiwe, mahali ambapo kazi ya mwanamke imeacha alama isiyoweza kubishaniwa, mzee yule alisema kweli bila kufikiri. Tukilishika fundisho la Mwalimu mpaka mwisho wake, kwamba haki inafuata jasho, basi nusu ya mkoa wa Mara ina wenye mali ambao majina yao hayajawahi kuandikwa kwenye fomu yoyote, si ya mkoloni, si ya ukoo, si ya kijiji.

Nirudi asubuhi ile. Kijana alikuwa amefunika kalamu, na kwenye fomu yake hakuna sehemu ya mawe. Nilimwomba karatasi tupu. Akachana moja kwenye daftari lake mwenyewe. Nikapiga magoti kwenye mwamba, mahali magoti yanapotakiwa kukaa, kwa sababu hata magoti yameacha alama zake pale, mabonde mawili madogo. Nikaingiza mkono kwenye kishimo. Vidole vikazama mpaka kiganja, jiwe likiwa na baridi ya usiku bado.

"Mjomba," nikamwita, "waliosagia hapa ni akina nani?"

Akakaa kimya kwa muda, akihesabu kwa kugusa vidole vyake. Kisha akaanza kuwataja, kuanzia mama yake kurudi nyuma, polepole, kila mmoja na ukoo aliotoka kabla ya kuolewa. Wa nne alimsahau, akafumba macho, akampata. Walikuwa watano. Niliandika majina yote, nikaandika chini yake: kishimo kimoja, urefu mkono mmoja, kina kiganja kimoja. Mjomba akaweka dole gumba. Kijana akasoma, akasoma tena, akaikunja karatasi ile na kuiweka ndani ya fomu, kati ya miembe na makaburi.

Kisha akauliza kama anaweza kugusa.